Usichomoe Betri Injini Ikinguruma

Nyinyi vijana mnaokalia matairi kuukuu hapo kando ya barabara, mita mpya shingoni na simu mkononi ikiwaonyesha mtu wa ng'ambo akifungua alteneta juu ya meza safi kama ya daktari wa meno, nimesikia mnavyoniita nikipita. Dainamo. Sijakasirika. Dainamo, ile iliyochaji betri kabla alteneta haijaja, ilikuwa mashine ya heshima: nzito, haina haraka, na ukishaifunga mahali pake haitaki kuhamishwa. Jina limenikaa kuliko lile nililobatizwa.

Juzi nilikuwa nikienda kununua maziwa. Nikaona mmoja wenu, sitamtaja, anajijua, ana kofia nyekundu, akilegeza klampu ya betri na kuichomoa injini ikinguruma. Halafu akamgeukia mwenye gari kama mtu aliyefufua maiti.

"Umeona, mathe? Haijazima. Alteneta iko fiti."

Yule mama akafurahi. Mimi nikageuka nikarudi nyumbani.

"Maziwa iko wapi?" Mama Wambui akaniuliza.

"Nimeona mtu akichomoa betri."

Akachukua kikoi chake akaenda kununua maziwa mwenyewe. Tumeishi pamoja miaka mingi, kuna mambo haniulizi mara mbili.

Kwa hivyo nawaandikia, kwa sababu nikiwaambia hapo kwa mdomo mtacheka, na mimi pia nitacheka, kisha jambo lenyewe litapotea. Mkisoma mtacheka peke yenu, halafu labda mtanyamaza.

Kwanza mjue mimi si mtu wa safari. Karakana yangu hapa Kitengela ilikuwa mbele ya geti langu mwenyewe. Magari yalikuja kwangu, mimi sikuyaendea. Mama Wambui alikuwa akiniita ng'ombe wa kufungiwa, wa kuletewa nyasi na maji. Wenzangu walifuata magari mpaka Namanga, mpaka Kimuka huko karibu na Ngong, wakirudi na hadithi na malaria. Mimi nilirudi ndani saa ya chai. Shule nilimaliza kidato cha nne, na ile alama ya Fizikia niliyopata siwezi kuitaja, wajukuu wasije wakapata kisingizio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, Mkamba mmoja mwembamba aliyevaa tai chini ya ovaroli. Alisema umeme ni mgeni, na mgeni hapokewi kifua wazi. Alinikalisha mwezi mzima nikifungua alteneta zilizokufa, kuziosha kwa petroli, kuzipanga kwenye gunia, na kuzifunga tena zikiwa bado zimekufa. Nikamuuliza faida yake nini.

"Daktari anaanzia wapi?" akaniuliza.

"Kwa maiti."

"Basi nyamaza uoshe maiti."

Alinieleza hivi, na sijapata maneno bora mpaka leo. Alteneta ni kama mjomba mchoyo. Hatoi kitu mpaka umwonjeshe kwanza. Ule waya mwembamba unaotoka kwa kitaa chekundu cha betri pale dashibodi, huo ndio unaomwonjesha. Ukiwasha swichi, umeme kidogo unapita kwenye ile taa, unaingia kwa alteneta, taa inawaka. Injini ikinguruma, mjomba anaamka, anaanza kutoa chake, na taa inazima. Ndiyo maana ile taa si pambo. Ikiungua, mjomba hulala usingizi mpaka ukanyage mafuta kama umeibiwa, na hata hivyo siku zingine haamki.

Kuna mwalimu mmoja alikuja kwangu betri ikiwa imekufa mara ya tatu. Ameshanunua betri mpya, na stata mpya ameuziwa. Nikawasha swichi, nikatazama dashibodi. Giza.

"Taa ya betri iko wapi, mwalimu?"

"Ah, ile? Fundi mwingine alinitolea. Ilikuwa inaniumiza macho."

Nikamwekea balbu ya shilingi chache na akaenda nyumbani. Alipona. Nyinyi mngemuuzia alteneta.

Halafu kuna ule waya mnene, unaotoka nyuma ya alteneta kwenda kwa betri. Huo ndio mto wenyewe. Hapo nina hadithi yangu, na mkitaka kucheka chekeni sasa, kwa sababu mbele hakuna kicheko. Siku moja Mzee Mutiso hakuwapo, mteja ana haraka, na mimi nikatumia waya wa balbu ya nyumba, ule mweupe wa kushikilia ukutani. Uliingia vizuri, nikaukunja vizuri, hata nikaufunga na utepe. Mteja akawasha gari, akawasha taa, akawasha redio, akawasha na feni. Waya ukageuka kamba ya moshi. Nikaukamata kwa mkono. Naam, kwa mkono. Mzee Mutiso alirudi akanikuta nimeweka vidole kwenye ndoo ya maji, gari likinuka kama harusi iliyoungua.

"Umejifunza nini?" akauliza.

"Waya uwe mnene."

"Na kingine?"

"Nisiukamate."

"Basi karo umelipa," akasema, akaenda zake kunywa uji.

Mengine mnayajua, au mnadai mnayajua. Waya wa hasi wa injini ukwanguliwe mpaka chuma king'ae, kwa sababu umeme unaokwenda bila kurudi ni hadithi tu. Ule waya mdogo wa kupima, kama alteneta yako inao, upeleke mpaka kwenye betri yenyewe, usiufupishe hapo nyuma ya alteneta kwa uvivu, maana mjomba atapima tumbo lake mwenyewe na kusema ameshiba, huku betri ina njaa. Halafu pima. Injini ikinguruma, mita kwenye betri isome kama volti kumi na nne hivi. Ikisoma kumi na mbili, haichaji. Ikikaribia kumi na sita, inaichemsha betri. Mita unayo shingoni. Itumie.

Kwa sababu zamani hatukuwa nayo. Kabla ya mita kuwa rahisi, tulipima kwa kuchomoa. Unawasha gari, unatoa klampu, likiendelea kunguruma unasema inachaji. Dainamo ilivumilia upuuzi huo, mara nyingine. Alteneta ilipokuja, Mzee Mutiso alichomoa mara moja tu, akasikia kitu ndani kikisema "tsi," akairudisha klampu mahali pake, akasema, "Hii ni mashine nyingine." Betri ndiyo inayoinywea alteneta. Ni kama mtu anayekama ng'ombe mwenye maziwa ya nguvu. Ukimwondolea kibuyu ghafla, maziwa hayarudi kwenye kiwele, yanaruka. Umeme nao unaruka. Unachoma regyuleta, ile inayodhibiti chaji, unachoma dayodi, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na gari huendelea kunguruma kana kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo mtu anadanganyika.

Sasa niwaambie kwa nini nilirudi bila maziwa.

Mwaka ule wa ukame mlikuwa wadogo, wengine mlikuwa bado kwa mama zenu huko Gataka. Mtakumbuka vumbi tu. Sisi tunakumbuka harufu. Kutoka hapa mpaka Kajiado, kando ya nyua za waya, ng'ombe walilala pale walipofikia, miguu imenyooka, na mbwa wa mji walinenepa. Wafugaji walilisha mifugo maboksi, nimeona kwa macho yangu, karatasi za boksi zimelowekwa kwenye maji ya chumvi.

Nilikuwa na rafiki, Mzee Moinket, ambaye boma lake liko upande wa pili wa mji wa Kajiado. Zamani nilimfungia alteneta kwenye pikapu, akanilipa kondoo. Kwa Wamaasai, mkishapeana kondoo hamwitani tena kwa majina. Mnaitana Paker, yeye na wewe vilevile. Kondoo mwenyewe alikula maua ya Mama Wambui yote na akapelekwa haraka kwa wakwe, lakini jina lilibaki.

Mvua ilikuwa imenyesha sehemu moja tu huko chini, ukiacha lami baada ya Bisil. Kulikuwa na ndugu wa mkewe huko mwenye nyasi, na alikubali. Mzee alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache. Msiniulize wangapi. Hakuwahesabu, na mimi nilishajifunza kutouliza. Wao husema ng'ombe wakihesabiwa wanaondoka. Yeye hutazama tu mara moja na kujua nani hayupo. Kutembea wasingeweza. Ilibidi wapandishwe lori, na lori walilokuwa nalo ni lile dogo kuukuu la mwanawe Kasaine, ambalo lilikuwa halichaji.

Kasaine aliniletea lori hapa Kitengela. Nilifanya kazi ile kama ya mtihani. Waya mnene mpya, waya wa hasi nikaukwangua mpaka ukang'aa, balbu ya taa nikaweka mpya, nikapima: kumi na nne na kidogo. Nikamwonya kuhusu betri. Ilikuwa ya kazi mbili, kama betri nyingi za huko. Mchana iko kwenye lori, jioni inatolewa na kuingizwa ndani kuwashia taa na kuchajia simu za majirani. Betri ya hivyo haina siku ya mapumziko.

"Safari hii ilale kwenye gari," nikamwambia.

"Sawa, fundi."

Jioni Mzee akapiga simu.

"Sopa, Paker."

"Ipa, Paker."

"Kesho utatusindikiza. Hiyo gari isimame katikati ya jangwa, mimi nitaiambia nini?"

Nikaanza kutafuta maneno. Mgongo. Wateja. Mama Wambui, ambaye alikuwa akisikia, akaninyang'anya simu. "Atakuja, Paker," akasema, ingawa kondoo hakupewa yeye. Kisha kwangu: "Kwani utakufa ukiona mahali pengine?"

Asubuhi nikashuka Kajiado mjini, wakanikuta pale stendi ng'ombe wakiwa wameshapakiwa. Nikapanda mbele, Kasaine kwenye usukani, Mzee katikati na blanketi lake na fimbo, mimi mlangoni. Nikatazama dashibodi kwa mazoea tu, kama vile mama anavyotazama uso wa mtoto.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Hii imewaka tangu lini?"

"Tangu tutoke nyumbani," Kasaine akasema bila kunitazama. "Si ni balbu mpya? Nilidhani inaringa."

Nikamwambia asizime. Nikashuka, nikainua kiti changu, nikaweka mita. Kumi na mbili kasoro, na inashuka. Alteneta ilinuka ule mnuko wa kitu kilichoungua ambao nikiusikia usingizini naamka. Na klampu ya betri, ambayo niliikaza mwenyewe jana yake, ilikuwa na makovu mapya ya spana.

Nikarudi mlangoni nikamweleza Mzee. Regyuleta imekufa, naweza kutafuta nyingine hapa mjini, lakini ni kufungua alteneta, ni nusu ya siku. Au tuende hivyo hivyo. Injini ya dizeli haihitaji umeme mwingi. Ni ile valvu ya pampu tu inayoshikwa na umeme, na betri iliyobaki inaweza kuishika mpaka tufike. Lakini injini isizimwe. Ikizimwa, haitawaka tena.

Mzee akageuka akatazama nyuma kupitia kioo. Jua lilikuwa limeshapanda. Ng'ombe walikuwa wamesimama wakiegemeana, wa katikati wakishikiliwa na wa pembeni.

"Hawa hawangoji spea," akasema. "Twende."

Tukaenda. Redio tukazima, feni tukazima, hata honi nikamkataza Kasaine. Kwenye lami mambo yalikuwa mazuri. Tulipoiacha lami, lori likaanza kucheza, na kila mara liliporuka nilisikia kwato nyuma zikitafuta mahali. Mzee alikuwa akisikiliza kwa mgongo.

Tukafika pahali pa tambarare, hakuna hata mteremko wa kutosha kubingirisha chungwa. Mzee akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Simama. Kuna mtu ameanguka."

Alikuwa Nado, ng'ombe mwekundu, mkubwa wao. Mzee alipewa nyanya wa nyanya yake na babake mwenyewe, na wengi waliokuwa mle ndani walikuwa wamezaliwa na yeye au na binti zake. Alikuwa amelala kwenye sakafu, na wenzake hawana mahali pengine pa kukanyaga ila juu yake.

Nyinyi hamjui jinsi ya kumwinua ng'ombe wa njaa. Mmoja anashika mkia kwenye shina, mwingine bega, mnainua pamoja. Lakini hamwinui nyinyi. Mnamsaidia tu, mwenye kuinuka ni yeye, na haamki ila aamue. Mzee akapanda, akachuchumaa karibu na sikio lake, akaanza kumwita. Nilishika mkia. Tukavuta. Hakuna kitu. Injini ilikuwa ikinguruma chini yetu, mbao zote zinatetemeka, na macho ya Nado yalikuwa yakizunguka bila kutua.

"Kasaine," Mzee akaita. "Zima."

Kasaine akanitazama kupitia kioo.

"Paker," nikasema, "ikizimwa haiwaki. Nimekuambia."

"Nimesikia."

"Tutakaa hapa."

"Paker, hanisikii. Namwita na hanisikii. Nitamwacha akanyagwe na watoto wake nikiwa nimesimama hapa? Zima."

Kasaine akazima.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha namna ile. Hata upepo haukuwepo. Mzee akaanza tena, kwa sauti ya chini, nusu kuongea na nusu wimbo, akitaja jina lake na la mamake na la yule mama wa kwanza. Sikio la Nado likasogea. Akapumua kwa nguvu. Mzee akasema neno moja nisilolijua, tukavuta, na yule ng'ombe akaweka goti, akaweka ukwato, akasimama, akiyumba kama mlevi wa Jumatatu. Mzee akacheka. Na mimi nikacheka, nimeshika mkia, mavi mpaka kwenye kiwiko.

Kisha Kasaine akageuza ufunguo.

Tik.

Akageuza tena. Tik. Nikamwambia aache, kila tik ni kijiko cha mwisho cha uji. Nikaingia chini. Nikaufungua ule waya mnene nyuma ya alteneta, nikauvisha kipande cha mpira, kwa sababu dayodi zikiungua zinamnyonya betri hata akiwa amelala. Nikakwangua klampu. Nikasema tungoje kidogo, betri wakati mwingine hukusanya nguvu kama mgonjwa. Tukangoja. Tik. Kusukuma? Lori limejaa, sisi ni watu watatu, mmoja ni mzee na mmoja ni mimi. Kuwashusha? Sakafu iko juu, hakuna tuta la kuegemea. Ng'ombe wa hivyo akiruka anavunjika.

Kasaine akanifuata pale kwenye gurudumu, upande ambao babake haoni.

"Fundi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Klampu imeniambia."

"Pikapu ya kupeleka ndama ilikataa kuwaka. Nikawasha lori kwanza, nikachomoa betri nikawashia pikapu, nikairudisha. Dakika chache tu. Lori halikuzima hata! Lilikuwa linanguruma vizuri." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Usimwambie."

"Mimi si mtoto wake," nikasema. "Nenda utafute betri. Chukua simu, ukipata netiwaki piga. Boma lolote lenye sola, omba."

Akaondoka akikimbia kwenye ile njia, na nikamwangalia mpaka akawa kitu cheusi kinachopepea, kisha hakuna.

Nikabaki na Mzee, jua, na ng'ombe. Niwaambie nilivyofanya kama fundi wa miaka ile yote: sikufanya kitu. Nilikuwa na spana, nilikuwa na mita, nilikuwa na tepu mpya kabisa mfukoni. Tulikuwa na mtungi mmoja wa maji ya rejeta. Tukaloweka blanketi la Mzee, tukapitisha midomoni mwao mmoja mmoja, ulimi ukitoka mkavu kama msasa.

Narok, yule mweusi, ndiye aliyefuata kuanguka. Mzee akamwita, tukamwinua, akasimama. Akaanguka Keri, mwenye mabaka. Tukamwinua, akasimama, akaanguka tena juu ya mwenzake. Mwanzo walikuwa wakisikia. Masikio yanasogea, unajua kuna mtu ndani. Baadaye Mzee aliita na sikio halikusogea. Kimya kilikuwepo, cha kutosha ng'ombe wote wa Kajiado, na sauti yake ilifika. Ila hakukuwa na wa kuitika. Nilishika mikia mpaka vidole vikakataa kukunjika. Wakati mmoja nilikuwa navuta, naye akaniwekea mkono begani.

"Wacha, Paker. Huyo amekwenda."

Nikaacha. Alikuwa bado ana joto kama injini.

Kasaine alirudi jua likiwa limeinama, kwenye pikipiki ya mtu, amekumbatia betri ya sola kifuani kama mtoto mgonjwa. Kuna familia iliyokuwa imeitoa kwenye taa zao bila kuuliza lini itarudi. Niliifunga, nikakaza klampu. Lori likawaka mara ya kwanza, kwa sauti kubwa, kwa furaha kabisa, kama mpumbavu anayeingia matangani akiimba. Haikuwa mbali tena. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote: haikuwa mbali.

Kwa yule shemeji kulikuwa na tuta la kupakulia, na nyuma yake nyasi, kijani, fupi, kweli. Tukafungua mlango wa nyuma. Nado akashuka mwenyewe, polepole, akapita mbele yetu na kuinamisha kichwa akaanza kula. Nyuma yake wakashuka wengine wawili, mmoja akisaidiwa. Mzee akasimama pale mlangoni na kuita majina yote, hata ya wale ambao sote tuliwaona wamelala. Akamaliza. Akangoja kiasi cha mtu kuvaa viatu.

Kisha akanigeukia.

"Paker. Kama nisingezima?"

Nyinyi mtakuwa mafundi wakubwa, mtaulizwa maswali. Mtu atauliza kitu ambacho ukweli wake unajulikana kwako tu. Nilifikiria kumwambia betri ilikuwa itakufa njiani kwa vyovyote. Ningeweza kusema, na asingejua.

"Wengi wangefika," nikasema. "Nado asingefika."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea.

Kasaine alikuwa amesimama karibu na gurudumu. Akaja mbele, akavua kofia.

"Baba, si wewe. Ni mimi. Asubuhi nilichomoa betri lori likinguruma, nikawashia pikapu. Ndiyo ikachoma ile kitu. Si wewe uliyezima. Ni mimi."

Mzee akamtazama, kijana mkubwa na kofia yake mkononi.

"Ero, kijana," akasema, "si nilikuwa hapo asubuhi? Spana ulipewa na nani?"

Akachomoa kisu kiunoni, akakipitisha mara mbili kwenye jiwe, akapanda nyuma ya lori kuanza kuchuna ngozi kabla hazijakauka. Tukapanda tukamfuata, Kasaine akishika miguu, mimi nikishika taa ya simu giza lilipoanza kuingia. Injini ilinguruma muda wote huo, dizeli ikiisha. Hakuna aliyethubutu kugusa ufunguo.